Lawama kwa matajiri nazo zipimwe

Mhariri,

Msimu wa viazi, mpunga na parachichi ukifunguka, kurasa za barua, vipindi vya redio na magrupu ya simu kuanzia Mafinga hadi Tunduma hujaa maneno juu ya matajiri. Wanaitwa kupe, mafisadi, Freemason. Watetezi wao nao hawakawii, na jibu lao karibu kila mara ni hilohilo: "Huo ni wivu." Sisi ni wasaidizi wa kisheria tunaofanya kazi na wakulima na vibarua wa Nyanda za Juu Kusini. Tunaandika kwa sababu pande zote mbili, kwa jinsi zinavyosema, zinamwacha palepale mtu aliyedhulumiwa.

La wivu ni fupi. Nia ya msemaji haibadilishi uzito wa gunia. Kama lilikuwa na kilo 130, lilikuwa na kilo 130 hata kama aliyelipima amekuwa akimwonea mnunuzi kijicho tangu utotoni. Anayejibu lawama kwa kutaja wivu hajajibu kitu. Na kumkosoa mwenye mali si utovu wa adabu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na ibara ya 16 inalinda heshima na faragha ya kila mtu, awe na lori kumi au awe na jembe moja. Kazi yote iko katikati ya ibara hizo mbili.

Tuchukue lumbesa, kwa kuwa ndiyo inayoumiza wengi huku kwetu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha gunia jingine au wavu juu yake na kushonwa kwa kamba. Sasa mtu anasimama sokoni Uyole na kusema, "Matajiri wa Dar wanatunyonya damu." Uchungu wake ni wa kweli. Lakini hakuna ofisa wa vipimo anayeweza kulifanyia kazi neno hilo, na hakuna mnunuzi atakayejitambua ndani yake. Mwingine anasema: "Jumanne, kwenye kituo cha kukusanyia viazi kijijini kwetu, magunia 10 yalipimwa. Jepesi lilikuwa na kilo 124, zito kilo 137, wastani kilo 130. Yote yalilipwa kama magunia ya kilo 100." Hapo kila msikilizaji anaweza kupiga hesabu. Mkulima wa magunia 40 ametoa kilo 1,200 bure, sawa na magunia 12 halali. Kwa bei ya shilingi 600 kwa kilo, ni shilingi 720,000 zilizopanda lori bila kulipiwa. Hakuna tusi hata moja katika maelezo hayo, na bado ndiyo yanayomkosesha mnunuzi usingizi.

Kuyapata kunataka nidhamu. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na chapa ya mwaka husika ionekane. Kabla ya kuweka mzigo, mshale au namba isome sifuri. Pimeni gunia tupu na mtoe uzito wake. Msipime gunia moja tu, maana mnunuzi atasema mmechagua lililojaa kupita mengine, na huenda akawa sahihi. Pimeni kumi, tena yaliyopangwa mfululizo. Viazi vyenye udongo mbichi huongeza uzito, kwa hiyo andikeni kama vilikuwa vikavu. Wawepo mashahidi wawili wasiouza siku hiyo. Namba ziandikwe palepale kwa kalamu, pamoja na tarehe na saa. Kinachoharibu lawama nyingi za haki ni namba zilizokumbukwa jioni, zikakua kidogo kila zilipopita mdomo mwingine, hadi kilo 130 zikawa 180 na mnunuzi akapata sababu ya kucheka.

Kuna kosa jingine kubwa zaidi, nalo ni kumlaumu asiyehusika. Kati ya shamba na soko la mjini kuna dalali aliyepanga bei, wafungashaji waliojaza gunia kwa ujira wa kila gunia, mnunuzi aliyetoa fedha, mwenye lori aliyekodishwa kubeba tu, na mchuuzi anayepokea mjini. Jina lililoandikwa kwenye mlango wa lori ndilo linalosomeka, basi ndilo linalotukanwa. Mara nyingi mwenye lori hajui hata bei ya gunia. Kabla ya kutaja jina la mtu, jibuni maswali matatu: nani aliamuru gunia lijazwe hivyo, nani alilipa, na faida ya kilo za ziada ilibaki kwa nani. Mkishindwa kujibu la kwanza na la tatu, tajeni tendo na mahali, jina liacheni kwanza.

Wengine hudhani haya ni masharti ya wanasheria. Ni ya zamani kuliko sheria zetu. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinakataza kumpendelea maskini katika hukumu kama kinavyokataza kumstahi mwenye nguvu. Nusu ya kwanza ya agizo hilo haihubiriwi sana. Yakobo katika sura ya tano anawakemea matajiri kwa ukali usio na kifani, ila angalieni anachotaja: ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiwa kwa hila. Ametaja tendo, ametaja walioumizwa. Katika Kurani, sura ya Al-Hujurat inaagiza habari ichunguzwe kabla ya kutendewa kazi, isije ikawadhuru watu kwa kutojua. Aya ya 148 ya An-Nisaa inasema Mungu hapendi uovu utangazwe kwa maneno, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Na sura fupi ya Al-Humaza inawaonya pamoja msengenyaji na mlimbikiza mali anayeihesabu. Tunawaomba wanaosoma sura hiyo kwa ajili ya tajiri waanzie aya ya kwanza.

Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13, alitaja hali sita ambazo kumsema mtu asipokuwepo kunaruhusiwa: aliyedhulumiwa kumshtaki mdhalimu kwa mwenye mamlaka, kuomba msaada wa kuondoa uovu, kuuliza hukumu, kuwatahadharisha watu, kumsema anayefanya uovu waziwazi, na kumtambulisha mtu kwa sifa anayojulikana nayo. Katika hali ya tano aliweka mpaka: atajwe kwa lile alilolitenda waziwazi, mengine yaachwe. Mpaka huo unatufaa sana. Mnunuzi wa lumbesa asemwe kwa lumbesa. Ndoa yake, maradhi yake, watoto wake wanaosoma shule ya bweni na kabila lake havina kilo ndani yake.

Kutoka India ya kale, mafundisho ya Buddha yana vipimo vitano vya neno jema: lisemwe kwa wakati wake, liwe kweli, lisemwe kwa upole, liwe na faida, litoke katika nia njema. Watu wakisikia hivyo hudhani kukosoa kumekatazwa. Sivyo. Mafundisho hayohayo yanalitaja neno la kweli lenye faida lakini lisilompendeza anayeambiwa, na yanasema lisemwe, ila mwenye kulisema aujue wakati wake. Kumuudhi tajiri, basi, si dalili kwamba umekosea.

Kuhusu upole tunao msimamo ambao si kila mtu ataukubali. Kibarua aliyepalilia shamba la chai wiki sita bila malipo asidaiwe sauti ya upole kabla ya kusikilizwa. Akipayuka, mwandishi mwenye utulivu amwandikie namba zake. Upole udaiwe kwanza kwa wenye kipaza sauti: mtangazaji, mbunge, mhubiri, msimamizi wa grupu lenye watu 800. Hao wakitukana, kuna watu watakaookota mawe.

Mathayo 18 inaelekeza uanze na mkosaji mkiwa wawili tu, asiposikia uende na mtu mmoja au wawili, kisha ndipo kusanyiko. Ni utaratibu mzuri kati ya watu wenye nguvu zinazokaribiana. Kibarua akienda peke yake kwa mwajiri wake anaweza kurudi bila kazi na bila shahidi. Kwa hiyo ushauri wetu ni kuanzia hatua ya pili: nendeni watatu, mkiwa na maandishi, mwachieni nakala, mpeni siku saba za kujibu. Palipo na hatari ya mara moja, kama dawa ya kuulia wadudu inayomwagwa kwenye chanzo cha maji, siku saba hazipo. Watahadharisheni watu siku hiyohiyo.

Kiswahili chetu kinatupa maneno ya kutosha kutenganisha mambo, lakini tunayachanganya. Lawama hutaja tendo linalojulikana. Tuhuma ni jambo linalodhaniwa, bado halijathibitishwa, na anayelitoa anapaswa kusema hivyo waziwazi. Kashfa huvunja heshima ya mtu. Tusi halina habari yoyote ndani yake. Barua nyingi zinazoletwa kwetu zina tuhuma iliyovalishwa nguo ya lawama. "Amenunua wenyeviti wa vijiji wote" ni tuhuma. "Eneo hili la ekari 700 lilitolewa bila mkutano mkuu wa kijiji" ni lawama, kwa sababu daftari la mihutasari lipo na linaweza kufunguliwa. Hapo kuna hesabu ya kujua: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa eneo lisilozidi hekta 250. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kijiji kutoa mapendekezo. Ekari 700 ni kama hekta 283. Anayelaumu lazima ajue yuko upande gani wa mstari huo, la sivyo atamlaumu mwenyekiti kwa uamuzi usio wake.

Historia yetu imeshatufundisha tofauti ya kipimo na jina baya. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na vyote viwili. Neno kupe lilienea, likampata kila mwenye duka. Lakini miiko ya uongozi iliyokuwa ndani yake ilipimika: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Mtu angeweza kuuliza na kujibiwa ndiyo au hapana. Miiko hiyo ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na tangu 1995 tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali kila mwaka. Mfanyabiashara wa kawaida hana wajibu huo. Kuuliza "amezitoa wapi?" ni swali la haki kwa kiongozi wa umma. Kwa mwenye kiwanda cha mbao Mafinga, mwenye swali aonyeshe kwanza tendo linalolizaa.

Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walikamatwa kwa wingi chini ya sheria maalumu, na mwaka 1984 sheria hiyo ikabadilishwa na nyingine. Walanguzi walikuwepo kweli na maduka yalikuwa matupu kweli. Lakini jina lilipotangulia ushahidi, wengine walitupa bidhaa usiku kwa hofu na wananchi wakazikosa mara mbili. Na Iringa tunayo Isimani. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi shambani kwa Said Mwamwindi, mkulima mkubwa wa mahindi, ambaye baadaye alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa. Hatusemi maneno ndiyo yaliyoua, kwani suala la ardhi na vijiji vya ujamaa lilikuwa zito kuliko maneno. Tunasema tu kwamba mkoa huu unajua watu wawili wanavyoweza kufikia mahali ambapo hakuna tena la kuambiana.

Lililo baya kuliko yote kwa sasa ni maneno ya Freemason, ndagu (uchawi wa kutafuta mali) na msukule. Mtu akijenga ghorofa Mwanjelwa au akinunua basi la pili, inasemwa ametoa mtoto kafara. Hapa methali inatumika vibaya: lisemwalo lipo. Hapana, mengi yanayosemwa hayapo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamtia hatiani anayemsingizia mwenzake uchawi, na sababu iko wazi kwa anayeishi huku: neno hilo hufuatwa na kuchomewa nyumba, na anayekufa mara nyingi ni bibi mzee wa familia hiyo, mwenye mali yuko salama mjini. Mauaji ya kuchuna ngozi yaliyowahi kuutikisa mkoa wa Mbeya, na yale ya watu wenye ualbino, yalikuwa uhalifu wa kweli. Ndiyo maana anayejua kitu apeleke polisi alichokiona kwa macho yake: mtu, gari, saa, mahali. Anayepeleka utajiri wa mtu kama ushahidi anawapotezea wapelelezi muda na kumfichia muuaji njia.

Ukweli una sehemu ngumu, nayo ni kujua chanzo cha tatizo. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990, na kila mwaka tunasikia kwamba matajiri wa Usangu wameukausha. Wapo wenye mashamba makubwa wanaochukua maji mengi. Wapo pia maelfu ya wakulima wadogo wenye mifereji isiyofungwa baada ya mavuno, na mifugo mingi. Ukosoaji wenye haki unachukua kibali cha maji, kilichoandikwa kiasi kinachoruhusiwa, unakilinganisha na maji yanayopita kwenye banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, mwezi wa tisa na wa kumi, kisha unasema yamezidi kwa kiasi gani. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ndiyo inayotoa vibali hivyo. Kumlaumu mmoja kwa mto mzima kunampa nafasi ya kuonyesha mfereji wa jirani yake na kutoka bila kujibu.

Tukumbushe mambo mawili ya muda na njia, kwa kuwa hapa watu hupoteza haki zao wakiwa wanapiga kelele. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro mingine ya kazi, kama ujira usiolipwa, ana siku 60. Siku hizo hazisimami kwa sababu unamshambulia mwajiri mtandaoni. Rushwa hupigiwa TAKUKURU namba 113 bila malipo. Na anayetaka kuandika kwenye simu ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kuchapisha habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Katika kesi ya kashfa ukweli ni kinga, lakini anayetakiwa kuuthibitisha ni aliyesema. Daftari la mizani ndiyo kinga yenyewe.

Matajiri nao tunawaambia neno. Mifuko 200 ya saruji kwa zahanati ya kijiji ni jambo jema na tunashukuru, ila haisahihishi mizani. Na kumtisha mkulima kwa wakili, huku mkijua namba zake ni sahihi, ni kutumia sheria kama rungu. Mwenye kulaumiwa kwa tendo lenye tarehe na kipimo ajibu tendo hilo, alete daftari lake.

Kwako Mhariri tuna ombi. Barua inayomlaumu mtu au kampuni isichapishwe kabla ya kuulizwa mwandishi wake: nini kilitendeka, lini, kiasi gani, umejuaje, na je, mlaumiwa ameambiwa? Jibu la mlaumiwa lichapwe pamoja na barua, na kama hakujibu ndani ya muda aliopewa, liandikwe hivyo. Malalamiko dhidi ya gazeti yanaweza kufikishwa Baraza la Habari Tanzania, lakini mengi yangeishia mezani kwako kama sahihisho lisingefichwa. Kosa lililotoka ukurasa wa kwanza lisahihishwe ukurasa wa kwanza. Redio isome sahihisho katika kipindi kilekile, saa ileile. Na aliyesambaza jina la mtu kwenye magrupu matano, akigundua gunia lilikuwa na kilo 100, arudi kwenye magrupu yote matano aseme hivyo.

Wasaidizi wa kisheria,
Mafinga, Iringa.